Siku Mbili Hampi: Fuata Maji, Uuone Mji wa Wafalme

Watu wengi wa kwetu wanaofika Bengaluru, wawe wanafunzi au ndugu waliomsindikiza mgonjwa, hurudi nyumbani wameona foleni, maduka na korido za hospitali basi. Ilhali safari ya usiku mmoja tu kwa treni inatosha kukufikisha Hampi, kwenye magofu ya mji uliokuwa makao makuu ya dola ya Vijayanagara, iliyotawala sehemu kubwa ya kusini mwa India kwa zaidi ya miaka 200. Mwongozo huu ni kwa mwenye siku mbili na miguu inayokubali kutembea.

Mapokeo yanasema mji ulianzishwa mwaka 1336 na ndugu wawili, Harihara na Bukka, kando ya mto Tungabhadra. Koo nne za wafalme zilipokezana kiti, na chini ya Krishnadevaraya, aliyetawala kuanzia 1509 hadi 1529, mji ulifikia kilele chake. Januari 1565 majeshi ya masultani wa Dekani, uwanda wa juu wa kusini-kati mwa India, yaliungana, yakaishinda dola hiyo katika vita vya Talikota. Mji ukaporwa, ukachomwa moto, ukahamwa. Mwaka 1986 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usiende na orodha ya majengo ukawa unaweka alama ya vema. Mabaki yaliyosimama yanapita 1,600, na ukiyaendea hivyo, kufika mchana nguzo zote zitakuwa zimeshafanana machoni. Fuata maji. Mji huu ulijengwa katikati ya vilima vya mawe matupu ya itale, kwenye nchi kame, na bado ulilisha na kunywesha umati wa watu, farasi na ndovu. Ukishaona maji yalivyotolewa mtoni na mabwawani, yakapitishwa mashambani, yakaingia ikulu na hekaluni, mpango mzima wa mji unakufungukia.

Kabla ya kuondoka: majira, tiketi, karatasi

Nenda kati ya Novemba na Februari. Kuanzia Machi hadi Mei joto hufika nyuzi 40, na yale mawe hushika moto mchana kutwa na kuutoa jioni. Juni hadi Septemba ni msimu wa mvua. Nchi inapendeza kwa kijani, lakini bwawa kubwa la Tungabhadra lililo karibu na Hosapete likifunguliwa milango, mto hupanda ghafla, boti husimamishwa na njia za ukingoni hufunikwa.

Mji wa kushukia ni Hosapete, ambao wengine bado huuita Hospet, kilomita 13 hivi kutoka Hampi. Treni inayowafaa wengi ni Hampi Express: inaondoka Bengaluru usiku na kufika Hosapete asubuhi. Kata tiketi wiki kadhaa mapema, maana vitanda vinaisha, hasa Ijumaa. Kama huna namba ya simu ya India ya kujisajili kwenye mtandao wa shirika la reli, mwombe mwanafunzi mwenzako au mwenyeji akukatie, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Walioko Hyderabad nao wana mabasi ya usiku.

Malazi yapo ya namna tatu. Kijiji cha Hampi kina nyumba ndogo za wageni hatua chache kutoka hekalu kuu. Kamalapura ni tulivu na iko karibu na eneo la ikulu. Hosapete ina hoteli kubwa, ila utatumia muda na nauli kwenda na kurudi. Mimi ningelala Hampi kijijini, kwa sababu alfajiri na magharibi ndizo saa zenye thamani, na ukilala mbali unazikosa. Kabla ya kulipa, uliza kama wanapokea wageni wa nje. Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba amsajili kila mgeni wa kigeni kwa serikali, na nyumba nyingine ndogo hazina utaratibu huo. Chukua pasipoti yenyewe, pamoja na nakala zake na za viza.

Chukua na fedha taslimu ukiwa bado Hosapete. Wahindi hulipa kwa simu hata kwa muuza madafu, lakini mfumo wao kwa kawaida unategemea akaunti ya benki ya huko, na mgeni bila noti ndogondogo atahangaika. Beba pia kofia, chupa ya maji, tochi na soksi nene. Soksi ni za hekaluni, ambako viatu huachwa nje na sakafu ya jiwe saa sita mchana haikanyagiki.

Kuhusu chakula: Hampi kijijini hakuna nyama wala pombe kwa heshima ya hekalu. Anayekula halali hana wasiwasi wowote hapo, kwani vyakula vyote ni vya mboga: idli, dosa, wali na mchuzi wa dengu. Ukitamani nyama, utaipata Hosapete.

Siku ya kwanza, asubuhi: eneo la ikulu

Kodi bajaji kwa nusu siku na mkubaliane bei na vituo kabla hujaketi. Baiskeli pia zinakodishwa, na wakati wa baridi ndizo bora kuliko chochote, kwani barabara kati ya Hampi na Kamalapura haina milima mikali.

Anzia bwawa la Kamalapura, ambalo watalii wengi hulipita bila kugeuza shingo. Hili ni bwawa la zama za wafalme na mpaka leo linashika maji. Kutoka huku ndiko maji yalikoshuka kwenda eneo la ikulu. Simama kwenye tuta lake dakika chache, kisha elekea kaskazini. Njia utakayoshika ni ile ile iliyoshikwa na maji.

Kituo cha kwanza ni jengo liitwalo Bafu la Malkia. Kwa nje ni kuta tupu ambazo ungezipita ukidhani ni ghala. Ndani kuna birika la mraba lenye upana wa mita 15 hivi, limezungukwa na baraza zenye kuba zilizonakshiwa na roshani zinazoning'inia juu ya maji, na jengo zima limezungushiwa handaki lililokuwa likijazwa maji. Usiende mbio. Tafuta mfereji wa kuingizia maji, uone yalivyokuwa yakivuka handaki mpaka birikani.

Kutoka hapo unaingia eneo lenye uzio wa ikulu, na hapa wageni wengi hukata tamaa. Wanatarajia kasri, wanakuta misingi. Sababu ni kwamba majumba ya wafalme yalijengwa juu ya misingi ya mawe, lakini nguzo na mapaa yake yalikuwa ya mbao. Moto wa 1565 uliondoka nayo. Mahekalu yalijengwa kwa jiwe kuanzia chini hadi juu, kwa hiyo yamebaki. Kwenye Ukumbi wa Mfalme utaona safu za vitundu vya mraba sakafuni: kila kitundu kilishika nguzo ya mti, na zilikuwa nguzo 100.

Panda jukwaa kubwa liitwalo Mahanavami Dibba. Hapo wafalme walikaa kutazama sherehe za siku tisa za Navaratri, na kutoka juu utaona eneo lote la ikulu. Kabla ya kupanda, zunguka chini yake ukitazama nakshi za ubavuni: wawindaji, wacheza ngoma, ndovu, ngamia, na wageni wenye ndevu zilizochongoka wakiongoza farasi. Farasi wa vita hawakustawi vizuri kusini mwa India, basi dola ilinunua kutoka Arabuni na Uajemi kwa merikebu, kupitia bandari kama Hormuz na baadaye Goa. Abdur Razzaq, mjumbe aliyetoka Herat na kufika katika mji huu mwaka 1443, alipita njia hiyo hiyo ya bahari, Hormuz na Muscat, kabla ya kuvuka kwa pepo za msimu hadi Calicut. Bahari yetu hii hii ndiyo iliyowaleta watu wale waliochongwa pale ukutani.

Sasa nenda kusini kidogo ya jukwaa, ukaone kitu ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kizuri kuliko vyote Hampi: birika la ngazi. Lilikuwa limefukiwa na udongo hadi wachimbaji wa mambo ya kale walipolifukua miaka ya 1980. Ni mraba wa takriban mita 22 kila upande, unaoshuka kwa matabaka matano hadi kina cha mita 7 hivi, na kila tabaka lina vijipiramidi vya ngazi vilivyopangwa kwa ulinganifu. Jiwe lake ni jeusi, laini na lenye kingo kali, tofauti kabisa na itale ya rangi ya mchanga iliyotapakaa kote. Kila nikilitazama huona kazi ya mtu aliyekataa kukosea hata unywele.

Simama ukingoni, usishuke, na uyatazame mawe ya tabaka la juu kwa utulivu. Kwenye mengi utaona vialama vidogo na herufi zilizochanjwa na patasi. Ni maelekezo ya mafundi: jiwe hili la upande gani, la safu gani, la nafasi gani. Ina maana mawe yalichongwa na kupimwa kwingine, yakaletwa hapa yakiwa na anwani zake, kisha yakapangwa. Fundi asiyejulikana jina ameacha maandishi yake ya kazi, na bado yanasomeka. Kisha fuata kwa macho mfereji wa mawe ulioinuliwa juu ya nguzo unaokuja mpaka karibu na birika. Hayo ndiyo yaliyokuwa maji ya Kamalapura uliyoyaacha asubuhi. Karibu hapo hapo kuna mabirika mengine madogo na mikondo iliyochongwa kwenye jiwe, na ukishalizoesha jicho utaanza kuiona kila unapokanyaga.

Ukitoka, pitia hekalu la Hazara Rama, lililokuwa la wafalme wenyewe. Ukuta wake wa nje una misafara ya ndovu, farasi, askari na wachezaji, na ndani kuna kisa cha Rama, shujaa wa masimulizi ya Kihindu, kimechongwa picha kwa picha. Mwombe mlinzi au kiongozi akuonyeshe kinapoanzia; ukikifuata kwa mpangilio kinasomeka.

Mwisho wa asubuhi ni eneo la wanawake wa ikulu, lenye Lotus Mahal na mabanda ya ndovu. Hapa tiketi inahitajika: kwa mgeni wa nje ni rupia 600, na tiketi hiyo hiyo inakuingiza hekalu la Vitthala ukiitumia siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo, anayebana matumizi aache eneo hili mpaka siku ya pili, aliunge na Vitthala. Lotus Mahal inapendeza pichani, na dakika kumi zinaitosha. Mabanda ya ndovu yanadai zaidi: vyumba 11 kwa mstari mmoja, vyenye mapaa ya mitindo mbalimbali, mengi ni makuba kama ya misikiti na moja la kati lina umbo la hekalu.

Kituo ambacho watembeza watalii hukiruka

Mwambie dereva wa bajaji akupitishe barabara ya Kamalapura kwenda Talarighatta, kwenye mtaa uliokuwa wa Waislamu. Hapo kuna msikiti wa Ahmad Khan, ofisa wa mfalme Devaraya wa Pili, uliojengwa mwaka 1439. Hauna mnara wala kuba. Kwa nje ungedhani ni ukumbi wa hekalu, mpaka uone mihrabu ukutani. Mfalme huyo wa Kihindu aliajiri wapanda farasi na wapiga upinde Waislamu jeshini, na hawa walipewa mahali pao pa kukaa, kuswali na kuzikana. Wanaosimulia vita vya 1565 kama ugomvi wa dini mbili tu wangepaswa kwanza kusimama hapa.

Alasiri hadi magharibi: bonde la migomba

Baada ya chakula, rudi upande wa Hampi. Kati ya eneo la ikulu na eneo takatifu kuna bonde la kijani lenye migomba, mpunga na minazi. Chanzo chake ni mfereji wa kale uliochepushwa kutoka mtoni, na wakulima wanautumia hadi leo kama walivyoutumia raia wa Krishnadevaraya. Katika magofu haya yote, hiki ndicho kipande cha mji ambacho hakikufa.

Shuka kwenye hekalu la Krishna, lililojengwa mwaka 1513 baada ya mfalme kushinda vita upande wa mashariki. Vuka barabara uingie uwanja wa soko lake, na pembeni utakuta birika kubwa la ibada lenye baraza pande zote na kibanda katikati ya maji.

Mbele kidogo kuna sanamu ya Narasimha, mwanadamu mwenye kichwa cha simba, iliyochongwa mwaka 1528 kwenye jiwe moja lenye kimo cha mita 6.7. Kijumba cha pembeni yake ndicho kinachoniita zaidi. Ndani kuna linga, yaani alama ya mungu Shiva, la jiwe jeusi la kimo cha mita 3, na chini yake sakafu imefunikwa na maji, kwa sababu mkondo wa mfereji unapita humo humo. Hapa kilimo na ibada vimeunganishwa na mkondo mmoja.

Magharibi ipande kilima cha Hemakuta, mteremko wa mwamba wenye vihekalu vidogo, vingine vya kale kuliko dola yenyewe. Hakichoshi, watoto na wazee wanakiweza, na kutoka juu unaliona hekalu la Virupaksha, mto na vilima. Shuka kabla giza halijaingia sawasawa. Mwamba una mashimo.

Siku ya pili: Virupaksha na njia ya mtoni

Ingia Virupaksha mapema, kabla mabasi ya mahujaji hayajafika. Hili si gofu. Shiva anaabudiwa humu kwa jina la Virupaksha tangu kabla ya dola kuanzishwa, na vita vya 1565 havikuikatisha ibada hiyo. Mnara wa lango una ghorofa tisa na kimo cha karibu mita 50. Asiye Mhindu anaruhusiwa kuingia. Vua viatu, funika mabega na magoti, zunguka kwa mkono wa kulia kama wenyeji, na usipige picha chumba cha ndani cha mungu. Kuhani akitaka kukupaka alama ya paji la uso na dini yako haikuruhusu, weka mkono kifuani na utikise kichwa kwa upole, hataona vibaya.

Usitoke kabla ya kuona mambo matatu. Picha za rangi kwenye dari la ukumbi wa mbele. Mkondo wa maji ya mto unaopita uani hadi jiko la hekalu. Na nyuma kabisa, chumba kidogo cha giza chenye tundu ukutani: mwanga unaopenya tunduni unachora kivuli cha mnara juu ya ukuta wa pili, kichwa chini miguu juu. Waulize wahudumu wakuonyeshe.

Uani wamejaa tumbiri. Usishike ndizi wala mfuko wa plastiki mkononi, watakunyang'anya. Na uwe tayari kwa jambo jingine: familia zilizotoka vijijini zitaomba kupiga picha nawe, wakati mwingine moja baada ya nyingine. Mara nyingi ni furaha ya kumwona mgeni wa mbali. Kubali mbili tatu kama una moyo, ukichoka sema hapana kwa tabasamu na uendelee na njia.

Kutoka mtaa wa soko ulio mbele ya hekalu, fuata njia ya miguu ya mtoni kuelekea mashariki hadi hekalu la Vitthala, kilomita mbili hivi. Njiani chepuka kulia kwenye hekalu la Achyutaraya, lililo chini ya kilima cha Matanga. Mara nyingi utalikuta tupu, na mtaa wake wa soko ulionyooka umeota majani. Usiogelee mtoni hata maji yakionekana yametulia. Mkondo wa chini ni mkali na mamba wapo.

Wasioweza kutembea waende kwa barabara hadi maegesho ya Vitthala, kisha wapande vigari vya umeme kwa kilomita moja iliyobaki. Jumamosi na Jumapili foleni ya vigari ni ndefu, na mimi nisingelitembelea hekalu hili siku hizo kama nina chaguo. Uani kuna gari la mawe ambalo umeshaliona bila kujua: liko nyuma ya noti mpya ya rupia 50. Ni kihekalu cha Garuda, ndege anayembeba mungu Vishnu, kilichopewa magurudumu. Zile nguzo nyembamba za ukumbi hutoa sauti zikigongwa, lakini kuzigusa ni marufuku, na ni haki, kwani karne za kugongwa zimeziumiza. Mlinzi au kiongozi akijitolea kukugongea kwa bakshishi, kataa.

Makumbusho ya Kamalapura yanafaa saa za jua kali. Yana mfano mdogo wa mji mzima, vilima na mto vikiwamo, na baada ya matembezi ya siku mbili utaweza kuufuatisha mkondo wa maji kwa kidole chako mwenyewe. Ijumaa yamefungwa.

Kama umebakiwa na alasiri

Vuka mto kwa boti kwenda Anegundi, mji mkongwe wa ng'ambo, ambako kuna kilima cha Anjanadri. Waumini husema ndipo alipozaliwa Hanuman, mungu mwenye umbo la tumbiri. Ngazi zake zinazidi 500, zimepakwa chokaa, na juu utaona mashamba ya mpunga yamezungukwa na vilima vya mawe. Uliza saa ya boti ya mwisho kabla hujavuka, maana husimama jioni na mzunguko wa barabara ni mrefu na bajaji itakutoza ipasavyo. Treni ya kurudi Bengaluru inapita Hosapete usiku, kwa hiyo uwe umesharudi upande wa Hampi jua likiwa bado lipo, na bajaji ya kukupeleka stesheni uwe umeiagiza tangu asubuhi.